Kutengeneza viatu vya theluji kwa fito na kamba: naomba msaada kwa vijana wa skauti Dodoma

Kiongozi_Makulu:

Habari zenu wakuu. Nasimamia kikosi cha skauti hapa Dodoma. Mwezi wa pili vijana wetu wanne, wenye miaka 17 hadi 19, watakuwa kwenye kambi ya baridi kaskazini mwa Ufini. Moja ya mazoezi ni kutengeneza viatu vya theluji kwa vitu vya porini tu, yaani fito, matawi na magome, pamoja na kamba ambayo mtu anakuwa nayo begini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga theluji.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Umbo gani ni rahisi kwa anayeanza, na vipimo vyake vikoje kwa mtu wa kilo 55 hadi 75? Kamba iende mita ngapi? Viatu hivi huharibikia wapi, ili nijue nikague sehemu gani? Halafu, kuna namna ya kufanya mazoezi hapa hapa Dodoma kabla hawajaondoka? Kwa sasa makorongo bado ni makavu.

Viatu vya dukani watapewa kule kwa matembezi ya kawaida, kwa hiyo swali langu ni la dharura: mtu amekwama msituni, theluji imefika mapajani, ana kisu na kamba.

FitoNaKamba:

Mkuu, anza kwa kuwaelewesha kiatu kinafanya kazi gani, maana wakikosea hapo watatengeneza kitu kinachopendeza lakini hakitembei. Mtu wa kilo 70, ukimwongezea nguo nzito na begi dogo, anafika kilo 80. Soli ya buti moja ina kama sentimita za mraba 300, kwa hiyo akisimama kwa mguu mmoja kila sentimita ya mraba inabeba gramu 270 hivi. Kiatu cha umbo la yai chenye urefu wa sm 80 na upana wa sm 28 kina karibu sentimita za mraba 1,750, na mzigo unashuka hadi gramu 46. Ni karibu mara sita pungufu.

Hata hivyo kwenye theluji mpya, ile laini ya unga, bado atazama sm 15 hadi 20. Hapo kiatu kinafanya kazi sawasawa, kwa sababu bila hicho angezama hadi pajani. Waambie mapema, wasije wakadhani wamekosea wakaanza kuongeza upana. Kiatu kikizidi upana mtu anatembea ametanua miguu, na haupiti muda nyonga zinaanza kuuma.

Kwa wanaoanza, achaneni kwanza na fremu ya kupinda. Tengenezeni cha fito tano.

Kwa kila kiatu kata fito tano mbichi zilizonyooka: sm 150 kwa mwenye kilo 55, sm 170 kwa mwenye kilo 75. Upande wa shina unene uwe wa kidole gumba (sm 2), ncha iwe nyembamba kama penseli. Kule watafute mwerebi kandokando ya vijito, au mbetula changa, ule mti wa gome jeupe. Chaka moja zuri la mwerebi linatosha kutoa fito zote kumi. Fito kavu iliyosimama usiiguse, itakatika ukiikanyaga mara ya kwanza.

Panga fito mashina yote upande mmoja. Ncha zote tano zifunge pamoja kwa mizunguko sita au saba. Hapo ndipo mbele. Mashina yanakaa nyuma kwa sababu ya uzito: mkia ukiwa mzito kuliko pua, kila unaponyanyua mguu mkia unabaki chini unaburuzika na pua inainuka yenyewe. Ukigeuza mpangilio huo, pua inachimba theluji na mtu anaanguka kifudifudi.

Mashina yafunge kwenye kijiti kifupi cha kukingama, sm 12 hadi 15, ili yasitawanyike. Kisha tanua fito katikati mpaka upana ufike sm 26. Kabla hujafunga vijiti vya katikati, tafuta mahali kiatu kinapojisawazisha: kiweke juu ya kidole, kisogeze mpaka kisimame bila kuelemea upande, weka alama kwa kisu. Kijiti cha vidole kinafungwa sm 4 au 5 MBELE ya alama hiyo. Weka vijiti viwili vimebanana, si kimoja, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unapita hapo. Cha kisigino kipime kwa buti lenyewe. Mara nyingi kinaangukia sm 17 hadi 20 nyuma ya kile cha vidole.

Vijiti vyote hivi vikae JUU ya fito. Hivyo buti linainuka kidogo na ncha yake inapata nafasi ya kuinama unapotembea.

Pua inyanyuliwe. Funga kamba ya sm 60 kutoka kwenye ncha hadi kijiti cha vidole, ivute mpaka pua ipande sm 10 hivi, kaza.

Kamba ni hivi: kila kijiti cha katikati kinakula mita moja na nusu, maana kinapita juu ya fito tano na kila makutano unazungusha msalaba mara mbili. Jumlisha ncha, mkia, pua na kifungo cha mguu, unafika kama mita 9 kwa kiatu, 18 kwa jozi. Kila kijana apewe mita 22 za kamba ya manila ya mm 3 au 4, ili zibaki nne za akiba. Ncha zote ziunguzwe kwa moto zisichambuke.

Kati ya fito nafasi isizidi sm 4. Theluji ikiwa laini sana, suka vitawi vya msprusi (mti wa jamii ya msonobari wenye sindano fupi zilizosongamana) juu chini kati ya fito kuanzia kisigino kurudi mkiani.

Jozi moja, watu wawili wakisaidiana, ni saa moja na nusu hadi mbili. Zaidi ya hapo wanapamba.

Kaskazini_Mbali:

Mchango wa FitoNaKamba umekaa vizuri. Naongeza yanayotokana na baridi, kwa sababu mambo mengi yanayowezekana Dodoma kwenye nyuzi 30 yanakataa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

La kwanza ni mti. Fito mbichi ina maji, na maji yakiganda ndani yake inavunjika kama kijiti cha mahindi. Kijana ataikata ikiwa nzima, atajaribu kuipinda, itapasuka, na atadhani amechagua mti mbaya. Dawa ni kuiyeyusha kwanza. Aiweke juu ya makaa, sm 40 hivi kutoka kwenye moto, akiizungusha kwa robo saa. Gome asilitoe, linazuia maji yasikauke. Mwisho uliokatwa ukianza kutoa mvuke na povu dogo, fito iko tayari. Aipinde kidogo kidogo kwenye goti au kwenye gogo la unene wa sm 25 hadi 30. Akisikia mlio mdogo wa "ti", asimame hapo hapo, airudishe kwenye joto. Mlio wa pili utakuwa wa kuvunjika.

Kwa fito tano joto halihitajiki sana kwa kuwa pua inainama kidogo tu. Ila wakimaliza hiyo na wana muda, wajaribu fremu ya yai, kwa sababu inageuka kirahisi kati ya miti iliyosongamana. Inataka fito moja ndefu kwa kila kiatu: mita 2.2, unene sm 2.5. Kati ya hizo, sm 180 ndizo mzunguko wa yai la sm 80 kwa 28, na sm 20 kila upande ni za mkia, unapozifunga pamoja. Vijiti vya kukingama viwili, na mbele ya kile cha vidole uache dirisha lenye urefu wa sm 10 hadi 12 bila kusuka chochote. Ncha ya buti inazama humo kila hatua. Sehemu ya kukanyagia, kati ya vijiti viwili, isukwe kwa kukaza sana. Nyuma na mbele suka kwa nafasi. Kamba ni mita 13 au 14 kwa kiatu kimoja, ndiyo maana kwa dharura napendelea fito tano.

Kosa linaloua fremu ya yai ni kuchonga pengo kwenye fremu ili kijiti cha kukingama kikae. Fremu itavunjikia hapo hapo kwenye pengo. Bapa chonga mwisho wa kijiti, fremu iache nzima. Ikibidi kabisa kuichonga, isizidi robo ya unene wake.

La pili ni mafundo. Fundo lililolowa likaganda halifunguki kwa vidole, na kulikata ni kupoteza kamba. Kwa hiyo fundo la mguuni liwe la kitanzi cha kuvuta, kama la kamba za viatu, na mkia wa kuvutia uwe mrefu, sm 15, ushikike ukiwa na glavu. Mafundo ya fremu yafungwe moja kwa moja, hayo hayafunguliwi.

Kamba za asili wakati wa baridi ni taabu. Mizizi ya msprusi ni kamba nzuri sana, lakini ardhi imeganda. Gome la ndani la mwerebi halibanduki mpaka utomvu uanze kupanda wakati wa machipuko. Wakishauriwa "tumieni magome" wajue mwezi wa pili ni vigumu. Wenyeji wa misitu ya Amerika Kaskazini, kama Wacree na Waojibwe, walitumia ngozi mbichi ya mnyama iliyokatwa nyuzi, kwenye fremu za mti uliopindwa kwa mvuke. Ni kazi ya siku nyingi, na ngozi ikilowa inalegea. Kamba ya begini ndiyo mkombozi, ikifuatiwa na mikanda ya begi lenyewe.

Mama_Ihumwa:

Wakuu, mbona hamjagusa kifungo cha mguu? Fremu inaweza kuwa mbovu kidogo na mtu akafika. Kifungo kikiwa kibovu hafiki.

Kanuni ni hii: mbele pamefungwa, kisigino kiko huru. Pale unyayo unapokunjikia, nyuma tu ya vidole, pakae juu kabisa ya vile vijiti viwili. Ukifunga na kisigino, kila hatua unanyanyua kiatu chote na theluji iliyokaa juu yake, na mguu unachoka upesi.

Chukua mkanda au kamba ya mita 1.8. Pitisha chini ya kijiti cha vidole, ncha mbili zitokee kushoto na kulia kwa buti. Zipande, zikutane juu ya vidole, zipishane msalaba, zirudi nyuma kila moja upande wake, zizunguke kisigino juu ya ukingo wa soli, zije zifungwe UPANDE WA NJE wa mguu. Ukifungia ndani, mafundo ya miguu miwili yanakwaruzana na kufunguana. Mkanda bapa ni bora kuliko kamba ya duara, haukati.

Kisha kaguo: ingiza kidole kimoja kati ya mkanda na buti juu ya vidole. Kisipoingia umekaza mno, damu haifiki mbele na vidole vitaungua na baridi. Vikiingia viwili, buti litateleza pembeni na mtu atakanyaga fremu yake mwenyewe. Baada ya dakika kumi za kutembea kila mtu asimame akaze upya, kwa sababu kamba mpya zinavutika. Na kila saa wajiulize kama bado wanavisikia vidole vya miguu. Kidole kilichokufa ganzi kikageuka cheupe si cha kuvumilia mpaka kambini. Mkanda ulegezwe, buti livuliwe mahali pasipo na upepo, mguu upashwe kwa tumbo la mwenzake. Wasisugue, na wasisogeze kwenye moto, maana ngozi iliyokufa ganzi haisikii inapoungua.

Katika kutembea: hatua iwe ndefu kidogo kuliko kawaida, na mguu unaotangulia uupite ule mwingine kwa juu ya ukingo wake. Kila mtu awe na fimbo, mbili zikipatikana. Kugeuka ni kwa kuzunguka taratibu, usijaribu kurudi kinyumenyume. Mkia unachomeka na unakaa chini. Anayetangulia kufungua njia anafanya kazi kubwa kuliko wote, kwa hiyo wapokezane kila dakika tano hadi kumi KABLA hajatoka jasho. Jasho likilowesha nguo za ndani, ukisimama tu baridi inakuingia mwilini. Wapunguze nguo moja kabla ya kuanza kutembea.

Kiongozi_Makulu:

Nashukuru sana wote. Mama Ihumwa, hicho kifungo nimekijaribu jioni hii kwa mkanda wa begi na kinashika vizuri. Maswali mawili yamebaki. Nimesoma kwamba mtu anaweza kufunga tawi zima la msonobari chini ya buti akaondoka bila kutengeneza fremu. Ni kweli? Na lile la mazoezi ya hapa halijajibiwa.

FitoNaKamba:

Ni kweli, na wafundishwe, ila wajue mipaka yake. Tawi la msprusi ndilo linalofaa, kwa kuwa sindano zake ni fupi na zimesongamana. La msonobari wa kawaida lina nafasi kubwa na theluji inapita. Chukua matawi mawili kwa kila mguu, sm 90 hadi 100, yapange moja juu ya jingine. Upande wa shina uwe mbele. Vitawi vidogo vyote vinaelekea nyuma, kwa hiyo ukisogeza mguu mbele havikwami. Ukiweka ncha mbele, kila hatua vitawi vinakamata theluji na kujaa. Funga mahali pawili, kwenye mashina mbele ya vidole na chini ya unyayo, kisigino huru kama kawaida.

Unatengeneza jozi ndani ya dakika kumi na tano au ishirini. Kasoro ni kwamba matawi yanalegea na kulala, na yanakusanya theluji juu mpaka mguu unakuwa mzito. Yanafaa kwa kutoka ulipo hadi kwenye miti yenye fito, au hadi barabarani kama unaiona. Kwa mwendo wa saa nzima usiyategemee.

MwanaBahi:

La mazoezi nalijibu mimi.

Fito: wauza fito za kujengea wapo kila mahali, mwambie unataka za mkole mbichi, zilizokatwa siku hiyo hiyo. Mkole unapindika vizuri na haupasuki ovyo. Juani fito inakauka haraka, kwa hiyo zifunge kwenye gunia lililoloweshwa mpaka saa ya kazi. Usiwapeleke vijana kukata wenyewe kwenye msitu wa hifadhi bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Na kule Ufini mambo ni hayo hayo: sheria yao inaruhusu mtu yeyote kutembea msituni, lakini kukata mti au tawi bichi kunahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Muulize mwenyeji wenu mapema eneo la zoezi ni la nani.

Kifungo: mikanda ya tyubu ya baiskeli, ile tunayofungia mizigo, ni mizuri sana kwa kujifunzia hapa. Ila wasiibebe kama tegemeo kule, kwa kuwa mpira unakakamaa kwenye baridi kali na hauvutiki tena. Wabebe mikanda ya kitambaa.

Mahali pa kutembelea: mchanga mkavu wa korongo, kama ule wa Kinyasungwe kabla mvua za Desemba hazijaanza, unafundisha mwendo. Mtu anajifunza kutojikanyaga, kugeuka, kuanguka na kuinuka. Haufundishi kuzama, kwa sababu mchanga unambeba mtu hata bila kiatu.

Kwa kuzama tumieni makapi ya mpunga. Mita moja ya ujazo ya makapi makavu ina uzito wa kilo 100 hivi, na theluji mpya huwa kati ya kilo 50 na 100. Hakuna kitu kingine hapa kinachokaribia hivyo kwa bei ya bure. Nenda kwenye mashine za kukoboa mpunga, Bahi wanayo milima yake. Chimbeni au zungushieni mbao kishimo cha mita 4 kwa mita 1, kina sm 40. Ni mita 1.6 za ujazo, yaani kama magunia 14 ya debe sita. Kijana apite kwanza na buti peke yake, apime amezama sm ngapi. Kisha avae viatu apite tena. Tofauti wataiona kwa macho. Tofauti iliyopo na theluji ni kwamba makapi hayashikani, kwa hiyo njia iliyokanyagwa haigandi ikawa ngumu kama theluji inavyofanya. Barakoa ni lazima, vumbi lake linawasha koo na macho.

Kingine, waambie wafunge mafundo yote wakiwa wamevaa soksi nene mbili kwenye kila mkono. Fundo lisilofungika hivyo, wabadilishe aina ya fundo sasa.

Tope_la_Mbuga:

Samahani kwa kuingilia. Hivi viatu vinaweza kutumika kwenye matope ya mbuga wakati wa masika? Na vipi Kilimanjaro?

MwanaBahi:

Ndugu, matope ya mbuga yana tabia tofauti. Theluji inakandamizwa na kukuachia mguu, ila tope linanyonya. Bapa pana likizama sm 10 kwenye udongo mweusi hewa haiingii chini yake na hulinyanyui. Kiatu cha tope kiwe kidogo, sm 40 hivi, fito zenye nafasi kubwa kati yake, na unyanyue kisigino kwanza ili hewa ipite. Msiingie nacho penye maji yasiyoonekana chini.

Kilimanjaro kwa njia za kawaida havihitajiki. Theluji ya karibu na Uhuru, mita 5,895, huwa ndogo au ngumu. Penye ugumu unahitaji meno ya chuma kwenye buti, upana hausaidii.

Kaskazini_Mbali:

Narudi kwenye swali la mkuu la mahali pa kukagua, maana hatujalijibu lote.

Tazama kwanza vijiti vya vidole. Hivyo ndivyo vinavyovunjika mwanzo, karibu kila mara pale vinapokutana na fito ya pembeni. Asubuhi na kila mapumziko, kijana avipinde kwa mikono miwili. Vikitoa mlio, vibadilishwe kabla ya kuondoka, na begini awe na viwili vya akiba vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo. Pili, makutano ya pembeni ya kijiti cha kisigino, ambako kamba inasagika kwenye gome. Tatu, kamba ya pua. Ikilegea pua inashuka bila mtu kugundua na anaanza kujikwaa.

Halafu barafu chini ya unyayo. Joto la buti linayeyusha theluji kidogo, inaganda tena, na baada ya saa moja kuna donge gumu chini ya kisigino. Ni mbaya zaidi siku ambayo hewa iko karibu na sifuri. Linapinda kifundo cha mguu na linakata kamba. Waligonge kwa fimbo kila wanaposimama, wagonge pembeni ya fremu na si juu ya kijiti cha vidole.

Mteremko: viatu vya fito havina meno, vinateleza. Kwenye ubavu wa kilima mtu afungue, akanyage kwa buti akichimba ngazi. Na mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 wenye theluji nyingi mpya usivukwe kabisa, hapo ndipo maporomoko huanzia, na kiatu hakimkingi mtu na hilo.

Mto na ziwa lililoganda: theluji juu ya barafu inalikinga na baridi, kwa hiyo barafu chini yake inaweza kuwa nyembamba kuliko ile iliyo wazi, hasa penye mkondo. Wasikanyage bila kiongozi wa kule kutoboa na kupima sm 10 za barafu ngumu. Wakipita, vifungo vya mguu vilegezwe kwanza vitoke kwa mvuto mmoja. Aliyetumbukia akiwa na fremu ya sm 150 mguuni hawezi kupiga maji wala kupanda ukingoni.

Kiongozi_Makulu:

Nimeandika yote. Jumamosi tunaanza na fito tano, na makapi nimeahidiwa. Kaskazini, swali la mwisho kabisa: kijana akiwa peke yake amekwama, atumie saa mbili hizo kutengeneza viatu au akae alipo?

Kaskazini_Mbali:

Kama watu wanajua alipo, akae. Awashe moto, ajikinge na upepo, atandike matawi ya msprusi unene wa sm 20 chini yake ili asikalie theluji. Viatu atengeneze akiwa hapo hapo karibu na moto, fito zikiyeyuka, maana atavihitaji hata kwa kutafuta kuni. Kila safari ya mita 30 kwenye theluji ya mapajani inamtoa jasho. Aondoke tu kama hakuna anayejua alipo na anajua kwa hakika barabara iko upande gani, na aondoke alfajiri. Kukiwa kulipata joto mchana na usiku kukaganda, asubuhi theluji inakuwa na ganda juu na atazama nusu ya alivyozama jana yake. Mwezi wa pili mchana kaskazini kule bado ni mfupi, kwa hiyo saa nane mchana awe ameshaamua atalala wapi.